Kompyuta kugoma kuwaka baada ya kuwekwa kadi mpya: Kagua haya kabla ya kupanda basi la kurudi Nairobi

Wafanyabiashara wa Arusha na Moshi wanaonunua kadi za grafiki jijini Nairobi na kuzivusha Namanga wanaifahamu hali hii: kadi inachomekwa, swichi inabonyezwa, feni zinazunguka, lakini skrini inabaki nyeusi. Mteja amesimama kaunta, fundi anajikuna kichwa, na muuzaji yuko upande wa pili wa mpaka.

Uamuzi unaofuata ndio wenye gharama. Walio wengi husema kadi ni mbovu na kuirudisha ilikotoka. Arusha hadi Namanga ni kilometa 110 hivi, na kutoka hapo hadi Nairobi ni nyingine 160 na ushee. Ukijumlisha nauli ya kwenda na kurudi, chakula, pengine kitanda cha usiku mmoja, na siku mbili ambazo duka limefungwa, kwa kadi ya bei ya chini faida yote imekwisha hata kabla ya kufika kwa muuzaji. Kinachouma zaidi ni kwamba muuzaji huichomeka kadi hiyo kwenye mashine yake ya majaribio, ikawaka palepale. Mnunuzi anarudi nyumbani na kadi ileile, kwa kompyuta ileile iliyogoma.

Ukweli ni kwamba mara nyingi kadi na kompyuta zote ni nzima, ila haziendani, au kuna jambo dogo halikufanywa wakati wa kuziunganisha. Mambo hayo yanaweza kukaguliwa kwa bisibisi moja na subira ya nusu saa.

Kompyuta za ofisini na kazi zisizo za ofisini

Kadi hizi hununuliwa zaidi na wahariri wa video za harusi, studio za kuchapa mabango, wachora ramani za majengo na wenye maduka ya michezo ya kompyuta. Wengi wao hawanunui kompyuta mpya. Wanachukua za mtumba zilizotoka kwenye ofisi za Ulaya, Marekani au Dubai, hasa Dell OptiPlex na HP EliteDesk, kisha wanaongeza kadi ya grafiki ili zifanye kazi nzito.

Kibiashara hesabu hiyo si mbaya. Mashine hizo ni imara na bei yake ni nafuu. Tatizo ni kwamba zilitengenezwa kwa ajili ya barua na mahesabu, na kiwanda hakikuweka umeme wa ziada ambao mwenye ofisi asingeutumia. OptiPlex 9020 ndogo, ile ya kulaza mezani, ina pawa saplai ya wati 255. Ile ya kusimama ina wati 290. EliteDesk 800 G1 ndogo ina wati 240. Kompyuta ya mtu anayecheza michezo mizito huko ilikotoka kadi hiyo huwa na wati 500 au zaidi.

Kabla ya yote, toa kadi

Hatua ya kwanza haina gharama yoyote. Zima mashine, chomoa waya wa umeme ukutani, toa kadi mpya, rudisha kebo ya monita kwenye tundu la zamani, kisha washa. Ikiwaka kama kawaida, kompyuta ni nzima na tatizo limebaki kwa kadi, umeme wake au mipangilio. Isipowaka, kuna kitu kimeguswa wakati wa kufunga. Ndani ya sanduku finyu, mkono unaosukuma kadi husogeza pia RAM au kung'oa kebo ya diski. Zikandamize upya zote kabla ya kumlaumu mtu yeyote.

Inapowaka bila kadi, angalia kebo ya monita ilichomekwa wapi ulipokuwa unajaribu kadi. Jambo hili linaonekana dogo mno kuandikwa, lakini ndilo linalowaaibisha hata mafundi wazoefu. Kompyuta nyingi zikihisi kadi mpya huzima zenyewe tundu la picha lililoko kwenye madabodi. Kebo ikiachwa pale pa zamani, skrini itakuwa nyeusi huku Windows imeshafunguka na inasubiri neno la siri. Dalili yake ni kwamba taa ya diski inapepesa kama kawaida na kitufe cha Caps Lock kikibonyezwa taa yake inawaka na kuzima.

Balaa la monita za VGA

Hapa pana mtego unaozihusu sana nchi zetu, kwa kuwa monita nyingi za mtumba bado zina tundu la VGA peke yake, lile la pini 15 lenye plastiki ya buluu. Kadi za Nvidia za kizazi cha GTX 10, zilizoanza kuuzwa mwaka 2016, haziachii kabisa ile ishara ya zamani ambayo VGA inaihitaji. Tundu la DVI lililoko kwenye kadi hizo ni la DVI-D, yaani la dijitali tupu.

Ile adapta ndogo ya bei rahisi ya kugeuza DVI kuwa VGA ina pini nne za ziada kuuzunguka ule ulimi bapa wa pembeni, na DVI-D haina matundu ya kuzipokea. Wapo mafundi wanaozikata pini hizo kwa koleo ili adapta iingie. Inaingia kweli, lakini picha haiji, kwa sababu pini zilizokatwa ndizo zilizokuwa zibebe picha. Kinachotakiwa ni adapta yenye saketi ndani yake inayobadilisha ishara, ya kutoka HDMI au DisplayPort kwenda VGA. Bei yake ni kubwa kidogo kuliko ya kile kidude, lakini haifiki hata robo ya safari ya Nairobi.

Umeme ndio chanzo kikubwa

Kebo ikiwa sawa na skrini ikabaki nyeusi, au mashine ikiwaka sekunde moja na kuzima, fikiria umeme.

Sloti ndefu ya PCI Express inayopokea kadi imewekewa kikomo cha wati 75. Kadi inayohitaji zaidi ya hapo huwa na tundu lake la umeme juu au ubavuni: la pini 6 huongeza wati 75, la pini 8 huongeza 150. Tundu hilo lisipopata waya, kadi haiamki, ingawa feni yake inaweza kuzunguka na kumdanganya mwenye mashine. Baadhi ya kadi huonyesha taa nyekundu kando ya tundu hilo kudai umeme.

Kompyuta za ofisini kwa kawaida hazina waya wa pini 6 wala 8 wa kadi. Ndiyo maana kariakoo zote za vifaa vya umeme zinauza waya wa kugeuza plagi ya diski ya SATA kuwa pini 6, na hata pini 8. Waya huo ni hatari. Plagi ya SATA imepimwa kubeba ampea 4.5 kwenye volti 12, yaani wati 54. Kuiomba itoe 75 ni kuizidishia, na kuiomba 150 ni kuomba moto. Plastiki huanza kulainika, kisha inanuka, kisha inaungua. Mwenye duka lenye kompyuta kumi chini ya bati moja asiukaribishe waya huo hata kama fundi anaapa kwamba ameufunga mara nyingi.

Njia sahihi ni kusoma kibandiko cha pawa saplai kabla ya kununua kadi. Namba kubwa ya wati si ya kutosha. Tafuta mstari wa volti 12, chukua ampea zake, zidisha kwa 12. Ikiwa imeandikwa ampea 17, umeme unaoweza kufika kwenye prosesa na kadi ni wati 204 tu, hata kama juu pameandikwa namba kubwa zaidi.

Chukua OptiPlex 9020 ya kusimama yenye wati 290 na prosesa ya Core i5-4570. Prosesa hiyo imepangiwa wati 84. Ikiwekwa GTX 1050 Ti, ambayo ni ya wati 75, jumla inakuwa 159, na diski, RAM, feni na madabodi vinabakiwa na wati 131. Hapo kazi inakwenda. Ikiwekwa Radeon RX 580 ya wati 185, jumla ni 269. Zinabaki wati 21 za kulisha vingine vyote. Mashine hiyo haitawaka, au itawaka na kuzimika mara video itakapoanza kusafirishwa kutoka kwenye programu ya uhariri, jambo ambalo ni baya zaidi kwa sababu hutokea kazi ya mteja ikiwa katikati.

Kwa mashine ndogo za kulaza, hesabu ni ngumu zaidi. Zinapokea kadi fupi tu, zenye kimo cha nusu, na baadhi ya watengenezaji wameweka kikomo cha sloti chini ya hizo wati 75. Kadi zinazoingia humo bila vurugu ni kama GT 1030 ya wati 30 au RX 550 ya wati 50, zikiwa za kimo kifupi.

Je, si rahisi kubadilisha pawa saplai? Inawezekana, lakini si kwa kila mashine. OptiPlex 3020, 7020 na 9020 hazitumii plagi ya kawaida ya pini 24 kwenye madabodi bali ya pini 8, kwa hiyo pawa saplai ya dukani inahitaji waya wa kugeuzia. Sanduku dogo halipokei kabisa pawa saplai ya umbo la kawaida. Mwenye nia ya kuweka kadi kubwa ajumlishe bei ya kadi, pawa saplai na waya, kisha alinganishe na bei ya mashine ya kusimama iliyo tayari. Mara nyingi atagundua kuwa ile ndogo ilikuwa rahisi siku ya kununuliwa tu.

Mashine yenyewe hutoa dokezo. Katika HP Compaq na EliteDesk za mwanzoni mwa miaka ya 2010, taa nyekundu ya swichi hupepesa pamoja na mlio, ikapumzika, ikarudia. Mara nne maana yake pawa saplai imezidiwa. Mara tano ni RAM. Mara sita ni kadi ya grafiki. OptiPlex nyingi za wakati huo zina kitufe kidogo nyuma kwenye pawa saplai chenye taa ya kijani. Taa hiyo ikiwaka inaonyesha kwamba pawa saplai haijafa, lakini haisemi kama nguvu yake inaitosha kadi.

BIOS isiyoielewa kadi

Umeme ukitosha na kebo ikiwa sahihi, kinachofuata ni BIOS, ile programu iliyomo kwenye madabodi inayoamsha vifaa kabla ya Windows. Kati ya miaka ya 2010 na 2013 watengenezaji walikuwa wakihama kutoka BIOS ya zamani kwenda mfumo mpya uitwao UEFI, na mashine nyingi za mtumba ni za kipindi hichohicho cha kuhama.

Matokeo yake huenda pande mbili. Baadhi ya HP na Dell za kabla ya 2012 hazielewani na kadi za baadaye. Hutoa mlio na kukataa. Dawa ya kwanza ni kuweka toleo la mwisho la BIOS kutoka tovuti ya mtengenezaji, na kazi hiyo ifanywe kadi mpya ikiwa nje na umeme ukiwa wa uhakika. Umeme ukikatika katikati ya kubadilisha BIOS, madabodi yote inaweza kufa. Penye mgao, tumia UPS au subiri.

Upande wa pili ni kadi ya zamani kuwekwa kwenye mashine iliyokuja na Windows 8 au baadaye. Mashine hizo huwa zimewashiwa Secure Boot, na kadi isiyo na programu ya UEFI ndani yake haiwezi kuonyesha picha wakati wa kuamka. Fundi huingia BIOS kwa kutumia tundu la zamani la picha, huzima Secure Boot na kuruhusu hali ya zamani, ambayo kwenye menyu huandikwa Legacy au CSM. Aangalie tu asibadilishe namna diski inavyoamshwa, maana Windows iliyowekwa kwa UEFI haitafunguka kwa hali ya zamani, na hapo atakuwa ametibu ugonjwa mmoja na kuleta mwingine.

Betri ya saa, mshukiwa asiyetajwa

Kuna kompyuta ambayo picha inakuja vizuri kupitia kadi mpya, lakini inaandika kwamba haioni diski ya kuamkia, au inaonyesha skrini ya buluu na kujizima. Kadi hulaumiwa bure hapo.

Madabodi ina betri ndogo bapa, CR2032, inayotunza saa na mipangilio ya BIOS mashine inapokosa umeme wa ukutani. Kompyuta iliyofanya kazi ofisini miaka mingi, ikapakiwa kwenye kontena na kukaa bohari, mara nyingi betri yake imekwisha. Mradi imechomekwa ukutani hakuna anayejua. Siku fundi anapoichomoa ili aweke kadi, mipangilio yote inafutika na kurudi ya kiwandani. OptiPlex nyingi hurudi kwenye hali ya diski iitwayo RAID, wakati Windows ilikuwa imewekwa kwa AHCI. Ndipo inapotokea ile skrini ya buluu yenye namba 0x7B.

Kipimo ni tarehe. Ikiwa saa ya kompyuta imerudi nyuma miaka kadhaa, badilisha betri, rudisha AHCI, hifadhi. Hiyo ni betri inayouzwa hata kwenye maduka ya saa.

Kadi zenye historia

Si kila kadi iko salama, na mnunuzi ana haki ya kuwa na shaka. Tarehe 15 Septemba 2022 mtandao wa Ethereum uliacha utaratibu wa kuchimba sarafu kwa kadi za grafiki, na kadi zilizokuwa zikifanya kazi usiku na mchana zikamiminika kwenye soko la mtumba. Nyingi bado zinafanya kazi. Lakini baadhi zimebadilishiwa programu yake ya ndani kwa ajili ya uchimbaji na hazionyeshi picha ipasavyo au zinakataa draiva. Nyingine, kama P106-100, zilitengenezwa bila tundu la picha hata moja. Hiyo si mbovu, haikukusudiwa monita.

Kundi baya zaidi ni la bandia: kadi za miaka ya 2010 na 2011 kama GTS 450 na GTX 550 Ti, zilizoandikwa upya ndani yake ili kompyuta izitaje kuwa GTX 1050 Ti. Hizi hula zaidi ya wati 100, kwa hiyo mnunuzi aliyepiga hesabu zake kwa wati 75 hushangaa mashine inapozimika. Kuna njia ya kuzitambua bila kuwasha chochote. GTX 1050 Ti halisi haina VGA. Ikiwa kwenye sahani ya nyuma kuna tundu la buluu la pini 15, mazungumzo ya bei yaishie hapo. Penye kompyuta, programu ya bure ya GPU-Z imekuwa ikizitaja kadi za namna hiyo kuwa bandia tangu mwaka 2018.

Dhamana haivuki yenyewe

Yote hayo yanarudi kwenye risiti. Dhamana ya muuzaji wa Nairobi ni makubaliano kati yake na mnunuzi dukani kwake. Haina wakala Arusha, na gharama ya kuipeleka kadi ni ya mnunuzi.

Aidha, wapo wanaoamini kwamba mzigo wa chini ya dola 2,000 za Marekani hupita mpakani bila maswali kwa cheti rahisi cha asili ya bidhaa. Cheti hicho ni kwa bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kadi iliyotengenezwa China haiwi ya Kenya kwa kununuliwa Nairobi. Kwa bahati nzuri ushuru wa pamoja wa forodha wa Jumuiya unaziweka kompyuta na vipuri vyake kwenye asilimia sifuri, lakini Kodi ya Ongezeko la Thamani ni hesabu nyingine: kiwango cha kawaida ni asilimia 16 Kenya na 18 Tanzania Bara. Kadi inayorudishwa kwa dhamana na kuvushwa tena ikiwa imebadilishwa inaweza kuulizwa upya kana kwamba ni mzigo mpya, na anayejibu bila karatasi hujibu kwa pesa.

Kwa hiyo kazi kubwa ifanyike upande wa Nairobi. Mnunuzi aende na picha ya kibandiko cha pawa saplai na ya nyuma ya monita kwenye simu yake, pamoja na jina kamili la modeli ya kompyuta. Aombe kadi iwashwe mbele yake, si kwa dakika moja bali mpaka Windows ifunguke na GPU-Z isomwe. Namba ya kadi iliyoko kwenye kibandiko iandikwe kwenye risiti, na aulize mapema kama duka litakubali kuibadilisha kadi nzima isiyoendana na mashine yake, na ndani ya siku ngapi. Wauzaji wengi hubadilisha kadi mbovu. Kadi nzima iliyochaguliwa vibaya ni shauri lingine, na jibu la swali hilo ni bora liwe limeandikwa kwenye risiti kabla pesa haijatoka mfukoni.